Nidhamu na cheo katika magwanda: Somo la 1964 kwa wazazi wa Mbinga na Nyasa

KATIKA familia nyingi za Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, kijana anapomaliza shule huulizwa na wazee wake swali moja: sasa unaelekea wapi? Baadhi hurudi kwenye kahawa ya babu zao kule Umatengoni. Baadhi hushuka ziwani kuvua dagaa na mbasa. Na wapo ambao macho yao yameelekea kwenye magwanda: Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza, Uhamiaji, au Zimamoto na Uokoaji.

Wazazi wa Kiislamu nao wana matumaini hayohayo. Mtoto aliyevaa sare huleta nyumbani mshahara wa uhakika na heshima mbele ya majirani. Hata hivyo, mazungumzo mengi katika familia zetu huhusu namna ya kuingia, na machache mno huhusu kinachomsubiri kijana akishaingia. Ataamrishwa naye atatii. Huenda atakayemwamrisha ni mdogo wake kwa umri, si wa kabila lake, wala si wa dini yake. Kijana ambaye hakuandaliwa kwa jambo hilo huliona kuwa ni udhalilishaji, akavunjika moyo au akavunja sheria.

Hoja yetu katika makala hii ni kwamba nidhamu na vyeo havikuwekwa kwa ajili ya kumtukuza mkubwa na kumdunisha mdogo. Viliwekwa kwa sababu watu wenye silaha, pasipo utaratibu wa nani anaamuru na nani anawajibika, huwa hatari kwa wananchi wanaopaswa kuwalinda. Nchi yetu ililijua hilo kwa uchungu miaka miwili tu baada ya uhuru, na wana wa Ruvuma walikuwa katikati ya tukio lenyewe.

Asubuhi ya Januari 20, 1964

Jeshi la Tanganyika wakati huo liliitwa Tanganyika Rifles. Lilirithiwa kutoka King's African Rifles ya wakoloni, na maofisa wake wengi walikuwa bado Waingereza. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa kikosi cha kwanza katika Kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo tunaijua kwa jina la Lugalo, waliwakamata maofisa wao. Kisha wakaingia mjini na silaha na kushika sehemu nyeti, ukiwemo uwanja wa ndege. Madai yao yalikuwa mawili: mishahara iongezwe, na maofisa wa Kiingereza waondoke ili Waafrika washike nafasi zao.

Rais Julius Nyerere na Makamu wake, Rashidi Mfaume Kawawa, walipelekwa mahali pa usalama. Aliyekwenda kuwakabili askari wale alikuwa Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi. Kawawa, Muislamu, alikuwa mzaliwa wa Songea. Kambona, mtoto wa kasisi wa Kianglikana, alizaliwa mwambao wa Nyasa karibu na Mbamba Bay, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga. Kwa hiyo, siku ile ngumu, wana wawili wa kusini walikuwa katika ngazi za juu kabisa za dola.

Kambona aliingia katikati ya askari wenye bunduki, akawasikiliza, akazungumza nao. Maofisa wa Kiingereza wakasafirishwa kuondoka nchini, na askari wakarejea kambini. Lakini utaratibu uliokwisha kuvunjika haukurudi kwa maneno. Siku hiyohiyo makundi ya watu yaliingia mitaani. Maduka ya Wahindi na Waarabu yaliporwa na watu wakapoteza maisha. Siku iliyofuata kikosi cha pili, kilichokuwa Tabora, nacho kikaasi. Januari 23 wakaasi askari wa Jinja, Uganda, na Januari 24 wakaasi wa Lanet, Kenya.

Hatimaye, Januari 25, kwa ombi la Serikali ya Tanganyika, makomando wa Kiingereza walishuka kwa helikopta kutoka katika manowari Centaur, wakaiteka Kambi ya Colito kwa muda mfupi. Nchi iliyoishusha bendera ya Mwingereza Desemba 9, 1961 ililazimika kumwita Mwingereza huyohuyo arudi kuwanyang'anya silaha askari wake. Ni vigumu kufikiria fedheha kubwa kuliko hiyo kwa taifa changa.

Madai yalikuwa na ukweli, njia ilikuwa batili

Uadilifu unatutaka tuseme kwamba malalamiko ya askari wale hayakuwa ya uongo. Mtu aliyeitumikia bunduki kwa miaka mingi, akauona uhuru umefika, na bado akaona njia ya cheo imezibwa na mgeni, ana haki ya kuuliza. Cheo kisichotolewa kwa uadilifu huzaa chuki, na chuki ikikaa ndani ya kambi yenye ghala la silaha huwa ni moto chini ya majivu. Huo ndio upande wa kwanza wa somo la 1964, nao unawahusu wakubwa.

Upande wa pili unawahusu wadogo. Haki inayodaiwa kwa mtutu wa bunduki huacha kuwa haki, kwa sababu hakuna anayejua itaishia wapi. Askari wale walitaka mishahara na vyeo. Yumkini hakuna kati yao aliyekusudia kwamba mwenye duka asiye na hatia auawe, wala kwamba mkoloni arudishwe. Yote hayo yakatokea ndani ya siku tano.

Serikali zilizopatwa na mtihani huo zilichukua njia tofauti. Tanganyika ililivunja jeshi lote na kuwashitaki viongozi wa maasi. Kikosi kutoka Nigeria kikaja kushika zamu kwa miezi kadhaa, na Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania chini ya Brigedia Mrisho Sarakikya, likianza upya na vijana wapya. Uganda, kwa upande wake, ilikubali madai ya nyongeza ya mishahara, na vyeo vikapandishwa kwa haraka. Miongoni mwa waliopanda kwa kasi alikuwa Idi Amin. Januari 25, 1971, miaka saba kamili tangu siku ile ya Colito, aliipindua serikali iliyompandisha.

Amin alikuwa Muislamu, na jambo hilo halituzuii kusema kweli. Chini yake cheo kilikuwa zawadi ya mkubwa kwa anayempenda, na askari akajua kwamba usalama wake umo katika kupendwa, haumo katika kufuata sheria. Jeshi la namna hiyo ndilo lililovamia Kagera mwaka 1978, likapora mifugo na mali za wanavijiji. Lililolikabili na kuingia Kampala Aprili 1979 ni lile lililojengwa upya baada ya maasi, na Waziri wa Ulinzi wa Tanzania wakati huo alikuwa Rashidi Kawawa, yuleyule aliyelazimika kufichwa mwaka 1964.

Safu, mlima na moto

Kwa Muislamu, mafunzo haya si mageni. Kila siku mara tano tunasimama katika safu. Tajiri husimama bega kwa bega na mchuuzi, na wote humfuata imamu mmoja. Hairuhusiwi kumtangulia katika rukuu wala sijida. Imamu akisahau, maamuma hamvuti kanzu wala hamsukumi kutoka kibulani. Husema "Subhaanallah", na imamu mwenye akili hujirekebisha. Hata hivyo, imamu akisimama kwa rakaa ya tano katika swala ya rakaa nne, maamuma mwenye yakini hamfuati katika kosa hilo. Ndani ya ibada hii moja tumefundishwa mambo matatu ambayo kila jeshi linayahitaji: kutii, kusahihisha kwa adabu, na kutofuata kilicho batili.

Historia ya Uislamu inatilia mkazo funzo hilo. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (SAW) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima chini ya Abdullah bin Jubayr, na akawaamrisha wasiondoke mahali pao vyovyote iwavyo. Waislamu walipoanza kushinda, wengi wa wapiga mishale waliteremka kuwahi ngawira, ilhali kamanda wao akiwakumbusha amri. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu, aliuona mwanya huo, akazunguka kwa nyuma na farasi wake. Waislamu wapatao 70 wakauawa shahidi, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa. Walioacha kituo chao walikuwa Maswahaba, watu wa imani. Imani yao haikuziba pengo lililoachwa na nidhamu.

Kuhusu cheo, tunamkumbuka Usama bin Zayd. Mtume (SAW) alimteua kuongoza jeshi akiwa kijana mdogo, mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa, na chini yake wakawekwa wazee wa heshima. Wapo walionung'unika. Mtume alipofariki, Khalifa Abu Bakr alikataa kumwondoa. Alimsindikiza akitembea kwa miguu hali Usama amepanda mnyama, na alipomhitaji Umar abaki Madina, alimwomba Usama ruhusa. Khalifa wa Waislamu wote alimwomba kamanda kijana ruhusa ya kumchukua askari mmoja! Alijua kwamba mkubwa akikanyaga ngazi ya aliye chini yake, amewafundisha wote kuikanyaga.

Na kuhusu mpaka wa utii, vitabu vya hadithi vimehifadhi kisa cha kamanda aliyewakasirikia askari wake, akawaamrisha wakusanye kuni, wawashe moto, kisha wajitumbukize. Wakasita, hasira zake zikapoa. Habari ilipomfikia Mtume (SAW), aliwaonya kwamba lau wangeingia wasingetoka tena, na kwamba utii ni katika jambo la wema. Surat An-Nisaa, katika aya ya 59, inaamrisha kuwatii wenye mamlaka. Lakini utii huo unakuja baada ya kumtii Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na palipo na mzozo tumeelekezwa pa kurejea.

Amri isiyo na sheria

Jambo hili la mwisho si la kale tu. Januari 2006, watu wanne, watatu kati yao wakiwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge na mmoja dereva wa teksi, waliuawa katika msitu wa Pande, nje ya Dar es Salaam. Waliofikishwa mahakamani ni maofisa na askari wa polisi wa vyeo mbalimbali, na shauri hilo lilidumu katika ngazi za mahakama kwa takribani miaka kumi. Tunalitaja kwa sababu moja. Familia zilizopoteza watu wao hazikuwa na cha kushika isipokuwa swali: nani aliamuru, na nani alitekeleza? Swali hilo lina maana pale tu ambapo vyeo vinajulikana na kumbukumbu zinatunzwa. Kundi lisilo na ngazi halina wa kuulizwa.

Ndiyo maana saluti hupigwa kwa cheo. Konstebo anayemsalimu mkaguzi wake haabudu mtu. Anaitambua dhamana ambayo nchi imemkabidhi yule aliye mbele yake, na ambayo inaweza kuondolewa kesho. Mtume (SAW) alimweleza Abu Dharr, alipoomba uongozi, kwamba jambo hilo ni amana na kwamba Siku ya Kiyama litakuwa majuto, isipokuwa kwa aliyelichukua kwa haki yake na kulitekeleza. Anayesherehekea nyota mpya begani na ayakumbuke maneno hayo.

Kwa wakulima wa Umatengoni mfano upo shambani. Kilimo cha ngoro kinashikilia udongo wa milima mikali kwa sababu kila shimo limo katika mstari wake, na kila tuta linabeba maji ya eneo lake. Shimo la juu halijivuni kwa la chini, kwani tuta moja likibomoka, maji hayachagui shamba la nani yaharibu. Utumishi wa sare ni vivyo hivyo. Askari wa Gereza la Kitai, mkaguzi wa polisi katika kata na ofisa wa uhamiaji bandarini Mbamba Bay, kila mmoja ana tuta lake la kulilinda.

Ziwa lenye mpaka unaobishaniwa

Kwa watu wa mwambao, suala hili lina uzito wa pekee. Tanzania inashikilia kwamba mpaka wake na Malawi unapita katikati ya Ziwa Nyasa. Malawi, ikitegemea mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, inadai maji yote hadi ufukweni kwetu. Mwaka 2012 mvutano huo ulipamba moto kutokana na utafutaji wa mafuta, hadi ukapelekwa kwa jopo la marais wastaafu wa Afrika likiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Wakati wanasiasa wakijibizana, wavuvi waliendelea kutupa nyavu, na ndugu wa pande mbili waliendelea kutembeleana.

Tufikiri basi: askari wa doria akutane ziwani usiku na boti asiyoitambua, akiwa na hasira, au na ulevi, au na tamaa ya samaki wa mtu. Risasi moja iliyofyatuliwa bila amri ingeweza kuziingiza nchi mbili katika vita, na wa kwanza kulipa wangekuwa wanakijiji wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay. Amani ya ziwa hili haikulindwa na wazungumzaji wa mezani peke yao. Imelindwa pia na vijana wa vyeo vya chini waliojua kwamba kidole kilicho kwenye kifyatulio si mali yao.

Ziwa lenyewe lina kumbukumbu. Agosti 13, 1914, hapo Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa katika matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza Ulaya, na aliyempiga alikuwa rafiki yake. Wageni wawili walitii amri zilizotoka mbali, na vita vikaingia katika maji ya Wanyasa ambao hawakuulizwa. Kwa hiyo haitoshi kusema askari atii. Ni lazima wanaotoa amri wawajibike kwa wananchi ambao amri hiyo itawaangukia.

Nidhamu huanzia nyumbani

Wazazi wana nafasi gani katika yote haya? Kwanza, tuwalee watoto katika utii wenye maelezo. Mtoto anayetii kwa kuogopa fimbo peke yake hutii akitazamwa, na akipewa bunduki huwa mtu wa kuogopwa. Mtoto aliyezoeshwa kubisha hodi, kutoa shikamoo, kuomba ruhusa na kukiri kosa, ameshapita nusu ya mafunzo ya depo kabla ya kufika.

Pili, tuwafundishe kulalamika kwa utaratibu. Nyumba ambayo mtoto hathubutu kusema "baba, hapa sikutendewa haki" humzoesha kunyamaza hadi siku atakayolipuka. Baba na awe kama yule imamu anayesikia "Subhaanallah" na kurekebisha.

Tatu, tusiyatumie magwanda ya watoto wetu. Mzazi anayempigia simu kijana wake polisi ili amtishe jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba la kahawa, au amtoe mjomba mahabusu kinyemela, anamvua mwanawe heshima kwa mikono yake. Kadhalika anayetafuta kumpandisha cheo kwa rushwa au kwa kujuana. Cheo cha namna hiyo ndicho kilichokuwa ugonjwa wa jeshi la Amin.

Nne, tukumbuke kwamba Waislamu wa Mbinga na Nyasa wanaishi kati ya majirani walio wengi Wakristo. Kijana wetu ataamrishwa na Mkristo, naye siku moja atamwamrisha Mkristo. Moto ukiwaka, mwenye mpira wa maji haulizi nyumba ni ya nani. Pale vyeo vinapofuatwa kwa haki, mchache hahitaji kumjua mkubwa fulani ili atendewe sawa, kwani sheria inamtosha. Sisi tulio wachache mahali fulani tuna maslahi makubwa zaidi katika nidhamu hiyo kuliko wengine.

Vijana wanaomaliza kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, na wapo wanaopangiwa jirani tu, Mlale, Songea. Mzazi anapofunga sanduku la mwanawe, aweke ndani yake msala, na amwambie maneno mawili: mtii aliye juu yako katika lililo halali, na siku utakapokuwa juu, usimwamrishe mtu jambo ambalo usingeweza kulijibu mbele ya Mola wako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape wenye amri uadilifu, na wenye kuamrishwa subira na ujasiri wa kukataa dhulma. Aamin.